Osman Ahmed Osman, injenieri wa miji ya waliorudi

Kuanzia 1967 mpaka 1974 miji mitatu ya Misri ilikuwa karibu tupu. Port Said, Ismailia na Suez iko kandokando ya mfereji wa Suez, na vita ya Juni 1967 ilipokwisha, jeshi la Israeli lilikuwa ng'ambo ya maji. Kati ya askari wa huku na wa kule palibaki upana wa mfereji tu. Mizinga ikaanza kupigana. Serikali ikahamisha mamia ya maelfu ya raia, ikawatawanya Cairo na mikoa mingine: wengine wakalala mashuleni, wengine kwa jamaa, wengine wakapanga chumba kimoja watu kumi. Wamisri waliwaita muhajjarin, maana yake waliohamishwa. Walikaa hivyo karibu miaka saba. Nani kati yetu hawezi kuimalizia hadithi hiyo mwenyewe?

Mtoto mmoja wa miji hiyo alikuwa injenieri na mfanyabiashara wa ujenzi, Osman Ahmed Osman. Alizaliwa Ismailia mwaka 1917, akafa mwaka 1999. Hapa Munigi jina lake halisikiki, lakini kampuni aliyoianzisha, Arab Contractors, haiko mbali kama tunavyofikiri. Pamoja na Elsewedy Electric, nayo ya Misri, ndiyo iliyopewa Desemba 2018 kazi ya kujenga bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, Tanzania, lenye megawati 2,115. Na ni huyo Osman aliyeitwa mwaka 1973 aijenge upya miji mitatu ili wenyewe warudi.

Ndugu mmoja wa kamati alituuliza: «Mbona munatuandikia juu ya Mumisri, na sisi bado tuko kwenye mavumbi?» Swali ni zuri. Tangu mwanzo wa 2025, kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa na watu wakaanza kurudi Kibumba, Rugari, Kanyaruchinya na hapa kwetu, neno moja halitoki katika mikutano yetu, na si neno la chakula tena. Ni hili: sasa ni nani atajenga? Pesa kidogo ikipatikana, kazi ipewe nani, mwenye kampuni na kamio, ao masoni wa hapa mwenye mwiko na wana wawili wa kumsaidia? Na nyumba ikisimama, kiwanja kitakuwa cha nani? Maisha ya Osman yana majibu mazuri juu ya mambo hayo, na yana majibu mabaya. Tumeandika yote, juu wafadhili wetu nao wanasoma karatasi hii na ni vizuri wajue tunawaza nini.

Ismailia si mji wa kale. Ulianza mwaka 1863 pamoja na kazi ya kuchimba mfereji, na kampuni ya mfereji ikaweka ofisi zake pale. Wazungu wa kampuni walikuwa na mtaa wao wenye miti, bustani na maji ya bomba. Wamisri walikuwa na mtaa wao, na kila mtu alijua mpaka uko wapi. Mtu wa Goma aliyewasikia wazee wakisimulia nyumba za Wabelgiji za kandokando ya ziwa hahitaji maelezo marefu. Baba yake Osman alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na mama. Alisoma, akaingia chuo kikuu cha Cairo, akatoka mwaka 1940 na diploma ya uhandisi wa ujenzi. Alifanya kazi muda mfupi kwa jamaa yake aliyekuwa mkandarasi, kisha akafungua ofisi yake na mtaji wa kuchekesha.

Wakati ule kazi kubwa za Misri zilikuwa za kampuni za Wazungu. Mwenyeji aliachiwa ukuta, gereji, shule ya mtaa. Osman hakupenda kubaki kwenye ukuta. Karibu mwaka 1950 alivuka kwenda Saudi Arabia, ambako pesa ya mafuta ilikuwa imeanza kujenga, kisha Kuwait na nchi zingine za Waarabu. Huko ndiko kampuni yake ilikomaa na jina lake, ambalo maana yake ni wakandarasi Waarabu, likapata uzito. Alirudi nyumbani akiwa na mashine, mafundi na watu waliomwamini kwa mkopo.

Kazi iliyomfanya mtu mkubwa ni bwawa la Aswan. Mwaka 1956 Marekani na Uingereza zilikataa kulitolea pesa. Rais Gamal Abdel Nasser akajibu kwa kutaifisha mfereji wa Suez, na baadaye Wasovieti wakakubali kukopesha. Kazi ilianza tarehe 9 Januari 1960. Ilipofika zamu ya kutafuta wa kuchimba na kubeba mawe na udongo, bei ya Osman ilikuwa karibu nusu ya bei ya aliyemfuata. Wengi walidhani amekosea hesabu. Mwanzoni ilionekana kweli amekosea: kazi ilikuwa nyuma ya kalenda, mashine za kutoboa za Kisovieti zilishindwa na jiwe la granaiti la Aswan, mawe makali yalikata magurudumu ya malori, na joto lilipita digrii 40. Sisi tunaochimba shimo la choo kwenye lava kwa mtalimbo na nyundo tunajua namna jiwe linaweza kumdharau mwanadamu. Osman akasukuma wakubwa wanunue mashine za kutoboa za Sweden na malori ya Uingereza. Nasser, pamoja na urafiki wake wote na Moscow, akakubali, na kazi ikakimbia. Mei 1964 maji ya Nili yaligeuzwa njia, Nasser na Khrushchev wakiwa wamesimama pale. Bwawa lilimalizika mwaka 1970. Lina kimo cha mita 111, na juu yake mtu anatembea karibu kilomita 3.8 kutoka ng'ambo moja mpaka nyingine.

Watu wengi wakisimulia bwawa hilo wanasimulia hizo mashine. Sisi tunaona jambo kubwa zaidi lilikuwa watu. Wakati kazi ilipopamba moto walikuwa zaidi ya 30,000, na wengi wao walikuwa wakulima wa Misri ya kusini ambao walikuwa hawajagusa usukani wala vifaa vya kulipulia mawe. Waliingia pale kama vibarua wa kubeba, wakatoka ni madereva wa malori makubwa, mafundi wa umeme, wachomeleaji wa vyuma, wasimamizi. Miaka iliyofuata watu wa namna hiyo ndio waliojenga Misri, na wengi walivuka kwenda kujenga nchi za Ghuba. Wengine walipoondoka kufuata mishahara ya huko, kampuni ilibidi ifundishe wengine, na iliendelea kufundisha. Kwa Osman kazi na shule ya ufundi vilikwenda pamoja, na hapo hatuna ubishi naye hata kidogo. Kwetu mara nyingi mradi unafika na mafundi wake ndani ya gari, wanajenga, wanapiga picha, wanaondoka, na kijana wa Munigi anabaki anajua paka kubeba mawe. Akiulizwa mwaka unaofuata kama anaweza kusimamisha ukuta, jibu lake ni lilelile la mwaka uliopita.

Lakini bwawa hilohilo lilifukuza watu. Ziwa lililojaa nyuma yake lilifunika nchi ya Wanubi, huku Misri na kule Sudan. Waliohamishwa katika nchi zote mbili walikuwa wapatao 100,000. Wa Misri walipelekwa Kom Ombo miaka ya 1963 na 1964. Wa Wadi Halfa walipelekwa mbali sana na Nili yao, Khashm el-Girba, mashariki mwa Sudan. Walizoea nyumba pana za udongo zenye ua na kuta za kupakwa rangi, wakapewa nyumba za mstari, zote sura moja, karibu karibu. Wazee wa Kinubi waliendelea kudai kurudi, na watoto wao wanadai mpaka leo, lakini mtu hawezi kurudi chini ya maji. Osman hakuamua bwawa lijengwe. Hilo lilikuwa la serikali. Hata hivyo, anayeandika maisha yake kwa wasomaji kama sisi hawezi kuruka Wanubi, kama vile mtu hawezi kusimulia barabara nzuri bila kutaja nyumba zilizobomolewa ili ipite.

Mwaka 1961, katikati ya kazi ya bwawa, Nasser alitaifisha makampuni makubwa, na ya Osman ikawamo. Usiku mmoja mtu analala mwenye mali, asubuhi anaamka mfanyakazi wa serikali. Wenzake wengi walikata tamaa ao wakatoroka nchi. Yeye alibaki kwenye kiti cha mkurugenzi na akapigania kanuni zake: kampuni iwe ya serikali, sawa, lakini imlipe fundi mzuri kuliko fundi mvivu, na inunue vifaa bila kungoja sahihi ishirini. Alipata mengi ya aliyoyaomba, juu bwawa halikuweza kungoja. Baadaye, katika kitabu chake, aliusema vibaya sana utawala wa Nasser. Tunamwelewa mtu aliyenyang'anywa, ila ni haki kukumbusha kwamba ni utawala huohuo uliompa kazi iliyomtoa kwenye ukuta na gereji.

Kisha ikaja miaka ya miji mitupu. Mwaka 1969 na 1970 Misri na Israeli zilipigana kila siku kandokando ya mfereji, na ndege za Israeli zilipiga ndani kabisa ya nchi. Jeshi la Misri lilihitaji vituo vya makombora ya kuzuia ndege, vya zege, haraka. Arab Contractors ilikuwa kati ya waliovijenga. Walijenga usiku na mchana, ndege zikija kubomoa kilichomwagwa jana, na raia wengi, masoni na vibarua, walikufa pale mikono ikiwa na simenti.

Hapa turuhusiwe kutoka njiani kidogo, kwa ajili ya vijana wa mpira. Ismailia ulikuwa hauna watu, lakini timu yake, Ismaily, haikufa. Ligi ya Misri ilikuwa imesimama juu ya vita. Wachezaji walikuwa wahamishwa kama wengine, wanazunguka nchi za Waarabu wakicheza mechi za kuchangisha pesa. Osman alikuwa mmoja wa walezi wakubwa wa klabu hiyo. Na mwaka 1969 timu hiyo isiyo na mji ikafika fainali ya kombe la klabu bingwa za Afrika, na waliyekutana naye ni Wakongo wenzetu: Tout Puissant Englebert wa Lubumbashi, ambao leo ni TP Mazembe, waliokuwa wamebeba kombe mwaka 1967 na 1968. Kinshasa ilikuwa 2 kwa 2. Cairo, mwanzo wa 1970, Ismaily walishinda 3 kwa 1, na kombe likaenda Misri mara ya kwanza. Wazee wa mpira wa Kongo wanaikumbuka siku hiyo kwa uchungu. Sisi tukiwa Wakongo tunasikitika nao, na tukiwa wahamishwa wa juzi tunashindwa kuwachukia walioshinda.

Vita ya Oktoba 1973 ilipokwisha, Rais Anwar Sadat alimwita Osman mwezi uleule na kumfanya waziri wa ujenzi mpya; baadaye aliongezewa na makazi. Alibaki serikalini mpaka 1976. Kazi ya kwanza ilikuwa kuondoa kifusi na mabomu yaliyozikwa, kurudisha maji, umeme, mitaro, mikate. Mwaka 1974 familia zilianza kurudi. Tarehe 5 Juni 1975, miaka minane kamili tangu vita ianze, mfereji ulifunguliwa tena na meli zikapita. Nchi za Waarabu zenye mafuta zilitoa pesa, na mitaa mipya ya ghorofa ikaota ikiwa na majina ya waliotoa: Sheikh Zayed kule Ismailia, Faisal na Sabah kule Suez.

Juu ya kasi hiyo mtu anaweza kumvulia kofia. Wakati wengine walikuwa wanaandika ripoti, yeye alikuwa anamwaga zege. Sadat alitaka watu warudi upesi kwa sababu ya kisiasa pia: mji ukijaa raia kandokando ya mfereji, dunia inaelewa kwamba vita imeisha. Waliorudi wenyewe walitaka tu kufungua mlango wao. Mara nyingine matakwa ya mkubwa na ya mdogo yanapita njia moja kwa muda, na mwenye akili anatumia muda huo.

Shida ilionekana zege ilipokauka. Ghorofa zile zilikuwa ghali. Hata pesa ya mafuta ilipolipa ujenzi, hazikutosha, na mtu wa kipato kidogo, yule aliyekuwa anauza mboga ao kubeba mizigo bandarini, hakuweza kuifikia nyumba ya namna hiyo. Wizara ya Osman yenyewe iliagiza mipango ya miji hiyo, na wataalamu Waingereza waliopewa Ismailia wakaonyesha wazi kwamba sehemu kubwa ya wakaaji haiko kwenye hesabu ya ghorofa. Basi walikuwa wanalala wapi? Walikuwa wamejijengea wenyewe pembeni ya mji, upande wa kaskazini, mahali panapoitwa El Hekr. Hekr ni kodi ndogo ya ardhi: mtu anailipa ili aachwe akae, lakini haimpi kiwanja. Nyumba zilikuwa za matofali ya udongo, maji yalitoka mbali, vyoo vilikuwa mashimo. Miaka ya mwisho wa 1970 waliishi hapo watu zaidi ya 30,000.

Tunaomba wanamemba wasome polepole sehemu hii, juu inatugusa kuliko bwawa. Mwaka 1978 ulianza pale mradi mdogo kwa pesa lakini mkubwa kwa akili. Hawakubomoa. Walimwambia kila aliyekaa: kiwanja hiki utauziwa wewe, kwa bei unayoweza, utalipa polepole, na utapata karatasi. Pesa ya viwanja haikwenda Cairo. Ilibaki kwenye sanduku la mradi palepale Ismailia, ikalipa mabomba, barabara na viwanja vya shule. Viwanja vya pembeni mwa barabara kubwa, vinavyofaa biashara, viliuzwa kwa bei kali kwa wenye uwezo, na faida yake ikapunguza mzigo wa maskini. Maji yalianza kwa mabomba ya pamoja barabarani, siyo bomba ndani ya kila nyumba, kwa sababu watu waliulizwa na hesabu ikafanywa mbele yao. Mtu alipokuwa na karatasi mkononi alibomoa mwenyewe udongo wake na kuweka tofali za moto, kisha ghorofa ya pili kwa ajili ya mwana aliyeoa. Mahali pale palibadilishwa jina, pakaitwa Hai el-Salam, mtaa wa amani.

Tuseme wazi: mradi huo haukuwa wa Osman. Alikuwa ameshatoka wizarani, na aina yake ya kujenga ilikuwa nyingine, ya mkandarasi mmoja mwenye mashine nyingi. Lakini ulizaliwa ndani ya mpango aliouagiza yeye, na mji aliozaliwa yeye. Ukiweka Sheikh Zayed na Hai el-Salam ubavu kwa ubavu, unaona namna mbili za kumrudisha mtu nyumbani. Ya kwanza ni ya haraka na inaonekana kwenye picha. Ya pili inachelewa, vumbi lake ni jingi, na mfadhili akifika mwaka wa kwanza anaweza kuuliza pesa yangu iko wapi. Hatusemi ya kwanza haina kazi. Mfereji haukufunguliwa na watu wa matofali ya udongo, na daraja ao bwawa halijengwi kwa salongo. Lakini kwa nyumba za watu wadogo, huko Ismailia ya pili ndiyo iliwafikia.

Pa Munigi mambo haya hayako mbali. Mwaka 1994 wakimbizi walipojaa hapa na kipindupindu kikaua watu kwa maelfu, shida moja kubwa ilikuwa jiwe: huwezi kuchimba choo, huwezi kuchimba kaburi. Tarehe 17 Januari 2002 ardhi ilipasuka mpaka karibu na hapa kwetu, lava ikashuka mpaka mjini na kuingia ziwani, na watu wapatao 120,000 wakakosa nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena na kufika Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Kila mara watu walirudi, na kila mara walijenga juu ya lava iliyopoa, bila kungoja waziri. Msingi wa mawe meusi, mbao, matole, na tshukudu la kuleta simenti. Ufundi tuko nao. Tunachokosa ni karatasi ya kiwanja. Mtu anarudi baada ya miaka miwili kambini, anakuta jirani amesogeza mpaka, ao mtu mwingine ameuziwa. Mpaka ukibishaniwa, hata msingi haumwagwi.

Turudi kwa Osman, tumalize upande usiofurahisha. Alikuwa waziri anayesimamia ujenzi mpya, na kampuni aliyoianzisha, yenye watu wake ndani, ilikuwa kati ya waliokula kazi nyingi zaidi za ujenzi huo. Sadat alifungua milango ya biashara, na Osman akawa mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote nchini: rafiki wa rais, kisha mkwe, juu mwanawe Mahmoud alimuoa binti wa Sadat. Mabenki, mashamba makubwa ya jangwani, chama cha mainjenieri, kila mahali palikuwa na mkono wake. Wapinzani walimshambulia bungeni na magazetini kwamba mali ya wote na mali ya ukoo zimechanganyika. Watetezi wake walijibu: lakini kazi imeisha, nendeni muone. Sisi hatuoni kwamba jibu hilo linatosha. Kazi inaweza kuisha vizuri na bado wengine wakawa wamenyimwa nafasi ya kuifanya, na mwananchi akawa hajui kama bei ilikuwa ya haki, kwa kuwa anayetoa na anayepokea wanakula sahani moja.

Mfano mmoja unaosaidia kufikiri ni njia ya chini ya mfereji, karibu na Suez, iliyopewa jina la Ahmed Hamdi, injenieri wa jeshi aliyekufa katika vita ya 1973. Kampuni za Osman ziliijenga pamoja na Waingereza wa Tarmac, na mwanzo wa miaka ya 1980 magari yakaanza kupita chini ya maji kwenda Sinai. Ilikuwa fahari kubwa. Miaka michache baadaye maji ya chumvi yalikuwa yanapenya kwenye zege na kula vyuma, na miaka ya 1992 mpaka 1995 ilibidi Japani isaidie kujenga ukuta mwingine ndani ya ule wa kwanza. Hatusemi ufisadi ndio ulitoboa ukuta. Maji ya chumvi hayaombi ruhusa kwa mtu. Tunaona tu kwamba mjenzi anasifiwa siku ya kukata utepe, wakati zege inapimwa na miaka.

Mwaka 1981 Osman alitoa kitabu cha maisha yake, kile kilichomsema Nasser. Misri ikawaka moto, bunge likaingia katikati, na akajiuzulu cheo cha naibu waziri mkuu. Oktoba ya mwaka huohuo Sadat aliuawa. Osman aliishi miaka mingine 18, na kampuni ikaendelea. Hata timu ya mpira ya wafanyakazi wake, iliyoanzishwa 1973, ilichukua kombe la washindi la Afrika mwaka 1982 na 1983, na ndiyo iliyomlea Mohamed Salah ambaye watoto wetu wanavaa jezi yake.

Mara tu baada ya kusoma habari hizi katika kamati, tulibishana kwa saa mbili. Mama mmoja mjane, ambaye nyumba yake ya Kanyaruchinya ilibaki nguzo nne, alisema Osman angekuwa hapa angemkubali kesho asubuhi, rafiki wa rais ao siye, ali mradi matole yafike. Hakuna aliyethubutu kumcheka. Mzee mmoja akamjibu: «Mama, yule angekujengea. Lakini karatasi ingekuwa kwa jina la nani?»

Kutokana na ubishi huo, mambo matatu yatapigiwa kura katika mkutano ujao, na tunaomba wafadhili watupe mawazo yao mbele ya siku hiyo. La kwanza: katika nyumba za wajane na za wazee, kila masoni atakayepewa kazi apokee vijana wawili wa hapa, siyo wa kubeba mawe tu bali wa kushika mwiko na kusoma usawa wa maji, na chama kiwalipe chakula na kitu kidogo. La pili: kabla ya gunia la kwanza la simenti, majirani wa pande nne na chifu wasimame kwenye kiwanja, mipaka iandikwe, na nakala ibaki kwa mwenye nyumba, hata likelemba isitoe pesa ya ujenzi bila hiyo nakala. La tatu: mtu wa kamati ambaye ndugu yake, mkwe wake ao rafiki yake wa biashara anaomba kazi, atoke nje wakati wa kuamua, na jina lake liandikwe kwamba alitoka. Masoni wanaotaka kuingia kwenye orodha walete majina kwa mwandishi wa chama, pamoja na watu wawili waliowajengea na ambao nyumba zao zimekwisha kupita msimu mmoja wa mvua.